Kura ya hasira au kushawishi mtu mmoja mmoja? Kikundi chetu kimegawanyika

Daftari Jekundu:

Habari zenu wakuu. Nina swali ambalo limetuchosha kikundini kwa wiki tatu sasa. Mkutano wa mwisho uliisha mwenzetu mmoja akachukua begi lake akatoka bila kuaga.

Sisi ni kikundi kidogo cha mrengo wa kushoto, watu 23 walio hai, yaani wale wanaokuja hata mvua ikinyesha. Kwenye orodha tuko 60 na kitu, lakini orodha haigongi mlango wa mtu.

Uchaguzi unakaribia. Chama kikubwa kinachojiita cha wafanyakazi tumekipigia kura mara mbili, na mara zote mbili kiliingia madarakani kikabana bajeti ya huduma za umma kama waliotangulia. Upande wa pili kuna chama cha kulia ambacho angalau hakifichi kitu: kinataka kuvinyoosha vyama vya wafanyakazi na kufukuza wageni. Mfumo wetu ni ule wa anayeongoza kubeba jimbo zima, hata akiongoza kwa kura moja.

Nusu yetu wanasema safari hii tupige kura ya hasira. Tumpe mgombea mdogo wa kijamaa ambaye kila mtu anajua hashindi, au tuharibu kura kabisa, ili wale wakubwa wajue kura zetu hawakuzirithi kwa baba yao. Nusu nyingine wanasema kura ni dakika tano za siku moja. Kazi yetu ni kuzunguka nyumba kwa nyumba kubadili mawazo ya watu, siku ya kura kila mmoja ampigie yule mwenye nafuu, kesho yake turudi barabarani.

Mimi nilikuwa upande wa kwanza, tena kwa kelele. Kilichonitikisa ni mlango mmoja.

Ilikuwa asubuhi. Alikuwa mama wa makamo, mfanyakazi wa usafi wa zamu ya usiku, ndiyo kwanza anarudi, ufunguo bado uko kwenye kitasa. Nikammwagia maelezo yangu yote: wanatuchukulia poa, dawa yao ni kuwanyima kura. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, nikishawanyima, watajuaje kwamba ni mimi, na kwamba ni kwa sababu ya mshahara? Si watadhani nimehamia kwa wale wengine?"

Nikaanza kumjibu, nikajikuta narudia sentensi ileile niliyofungulia maneno. Akaniambia, "Ukipata jibu urudi," akafunga mlango polepole, bila ubaya. Daftari langu lina safu tatu: anaunga mkono, hajaamua, hataki. Yeye sikujua nimwandike wapi. Nikaandika swali lake pembeni ya ukurasa.

Basi naomba wenye uzoefu. Kura ya hasira imewahi kuwapatia watu wa kushoto kitu cha kushikika, au ni namna yetu ya kunawa mikono? Na huku kushawishi, kunafanya kazi kweli au tunajipa moyo kwa kuwa tunarudi nyumbani miguu inauma? Nataka mifano. Hotuba tunazo za kutosha.

---

Wakala Mstaafu:

Ndugu Daftari, nimekuwa wakala wa vyama vidogo vituoni kwa chaguzi nne. Wengi wanaoisifu kura ya hasira hawajawahi kuiona ikihesabiwa, kwa hiyo ngoja nikueleze inavyokuwa ikifika mezani.

Usiku umeingia, sanduku limemwagwa. Msimamizi wa kituo anachukua karatasi moja moja, anaifungua, anaiinua mawakala tuione, anataja jina, karatasi inakwenda kwenye fungu lake. Unasikia majina yaleyale mpaka yanapoteza maana. Ikaja moja imejaa maandishi. Mtu kaandika kwa mwandiko mdogo, nadhifu, tangu juu mpaka ukingo wa chini, akapita hata juu ya picha za wagombea. Nilidaka maneno machache: bei ya dawa, mama yangu, mwaka wa tatu. Maneno mawili aliyapigia mstari, na mwisho akaweka nukta kama mtu aliyemaliza barua. Nilikisia alikaa robo saa ndani ya kile kibanda huku foleni ikinung'unika nje.

Msimamizi aliitupia jicho kwa sekunde mbili. "Imeharibika." Mawakala tukaitikia. Ikawekwa juu ya karatasi ya mtu aliyetia alama mbili kwa kukosea, kisha juu yake ikaja nyingine yenye mchoro ambao sitauelezea mbele ya watu wazima wenzangu. Kwenye fomu zote zikawa kitu kimoja: zilizoharibika, 3. Na mimi ndiye niliyekuwa wakala wa chama ambacho huyo mwenye barua pengine angekipigia. Nilitamani niisome yote, lakini wakala haruhusiwi kugusa, na saa zilikuwa zimekwenda.

Kwa hiyo yule mama yuko sahihi. Karatasi ya kura haina mahali pa kuandika sababu.

Halafu kuna sheria, ambayo watu huisahau katikati ya mabishano. Kuharibu kura kuna maana tofauti kila nchi. Kenya mwaka 2013 jambo hili lilifika Mahakama ya Juu: zile kura zilizokataliwa, ziingie kwenye hesabu ya kutafuta nusu na ziada anayohitaji rais? Mshindi alikuwa ametangazwa na asilimia 50.07, kwa hiyo halikuwa swali la darasani. Mahakama ikasema zinazohesabiwa ni kura halali tu. Maana yake aliyeharibu kura akidhani anamzuia anayeongoza asifike nusu, amejitoa kwenye hesabu na kumrahisishia. India tangu 2013 wana kitufe cha "hakuna hata mmoja kati ya hawa", lakini hata kikiongoza kwenye uchaguzi wa bunge, anapita mgombea anayekifuata. Colombia ni kinyume: kura tupu zikizidi nusu ya kura halali, uchaguzi unarudiwa na wagombea wale hawarudi. Kule hasira ina meno. Kwenu ina meno? Hilo ndilo la kwanza kuulizwa, na linajibiwa kwa kusoma sheria, wala hakuna haja ya mtu kuondoka na begi.

Kuhusu kumpa mgombea mdogo, mfano unaonikaa kooni ni Ufaransa, Aprili 2002. Wagombea 16 duru ya kwanza. Watu wa kushoto walikuwa wamechoka na waziri mkuu wa Kisoshalisti, Lionel Jospin, na kura za maoni zilikuwa zikionyesha duru ya pili ni yeye na rais wa kulia, Jacques Chirac, kwa hiyo kila mmoja akajipa ruhusa: duru ya kwanza nampa ninayempenda moyoni, ya pili nitarudi nyumbani. Wagombea wawili wa Kitrotsky, yaani wajamaa wa msimamo mkali, Arlette Laguiller na Olivier Besancenot, wakapata karibu asilimia 10 kwa jumla. Ilikuwa sherehe. Jospin akapata 16.2, Jean-Marie Le Pen wa kulia kabisa 16.9. Pengo halikufika kura laki mbili. Duru ya pili ikawa ya mtu wa kulia dhidi ya mtu wa kulia zaidi, na wale waliotaka kumwadhibu Jospin wakapanga foleni kumpigia Chirac, akapata zaidi ya asilimia 82. Walimdai nini? Hawakuwa na cha kumdai. Alijua hawana pa kwenda.

Sisemi msipige kura ya hasira. Nasema nimeiona ikiwa imelala mezani, na haisemi.

---

Sina Chama:

Mzee Wakala, shikamoo. Umeandika vizuri mpaka nimeumia kwa ajili ya huyo mwenye barua ya dawa. Lakini umetuonyesha upande mmoja wa shilingi.

Chama kikubwa hakiogopi hoja. Hoja zetu wanazo kabatini, wengine walizisomea chuo. Wanachoogopa ni kukosa kiti. Anayetaka ushahidi atazame wanavyofanya wa kulia. Uingereza, UKIP, chama cha kulia kilichotaka nchi itoke Umoja wa Ulaya, kwenye uchaguzi mkuu wa 2015 walipata asilimia 12.6 ya kura na wakaambulia mbunge mmoja. Mmoja! Kwa hesabu ya Mzee Wakala hizo ni kura zilizotupwa. Lakini waziri mkuu David Cameron alishatangaza tangu Januari 2013 kwamba akishinda ataitisha kura ya maoni kuhusu Umoja wa Ulaya, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa kwamba hao watu walikuwa wanamla pembeni. 2016 kura ikapigwa na mengine mnayajua. Sera zao siziwezi, ila walitaka jambo moja, wakalirudia mpaka kila mtu akalijua, na waliotishiwa walijua hawatanii.

Na sisi wa kushoto tulikuwa na vitisho kama hivyo. Eugene Debs aligombea urais wa Marekani kwa tiketi ya Wasoshalisti mwaka 1912 akapata karibu asilimia 6. Mwaka 1920 akagombea akiwa gerezani Atlanta, amefungwa kwa kuhutubia dhidi ya vita, na bado watu zaidi ya laki tisa wakampigia mfungwa. Hakushinda jimbo hata moja maisha yake yote. Lakini bima ya wasio na kazi na pensheni ya wazee, mambo yaliyokuwa yakionekana ya kichaa kwenye ilani ya chama chake, yalipitishwa kuwa sheria mwaka 1935 na rais wa chama kikubwa. Sisemi ni kura zake peke yake, kulikuwa na migomo na njaa. Lakini mtu asiniambie kura zile zilikuwa takataka.

Najua mtaniletea Florida 2000, jimbo lililoamua urais wa Marekani, nawasubiri tangu asubuhi. Ndiyo, George W. Bush alimzidi Al Gore kwa kura 537, na Ralph Nader, mgombea wa chama kidogo cha Kijani, alikuwa na zaidi ya 97,000 pale. Lakini ni Mahakama ya Juu iliyosimamisha kuhesabu upya, na ni Gore aliyeshindwa kuwavuta hao 97,000. Miaka yote lawama anabebeshwa mpiga kura, aliyeomba kura kwa uvivu hasemwi.

Hawa wanaotuambia "mara hii tu mpigie mwenye nafuu" waliniambia hivyo nikipiga kura yangu ya kwanza. Sasa nina mvi. Kama kila uchaguzi ndio wa hatari kuliko yote, zamu ya huyo mzuri ni lini?

---

Binti Hesabu:

Nimesoma nikicheka na nikiwa na kikokotoo mkononi. Naomba niingie kwenye nusu ya pili ya swali ambayo mmeiruka: kushawishi kunafanya kazi?

Jibu litawaudhi wote. Joshua Kalla na David Broockman mwaka 2018 walichapisha uchambuzi wa majaribio 49 ya kampeni za Marekani: barua, simu, milango. Kwenye uchaguzi mkuu, uwezo wa kumbadilisha mtu anayempigia nani ulikuwa, kwa wastani, sifuri. Wapiga kura wakishavaa rangi ya chama chao, kipeperushi chako wanafungia vitumbua. Kinachobadilika kirahisi zaidi ni kama mtu atakwenda kupiga kura au atabaki nyumbani. Alan Gerber na Donald Green walijaribu hilo New Haven mwaka 1998: kugongewa mlango na mtu wa kweli kuliongeza waliojitokeza, kupigiwa simu hakukufua dafu.

Lakini kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 2014 ilitoka makala kwenye jarida la Science ikidai mazungumzo mafupi mlangoni yanabadili msimamo wa watu kuhusu ndoa za jinsia moja, na mabadiliko yanadumu. Dunia ikashangilia. Broockman na Kalla wakataka kufanya utafiti wa namna hiyo, wakaona takwimu za yule mtafiti zimenyooka kupita kiasi, wakachimba, na mwaka 2015 makala ikafutwa. Ungedhani ndio mwisho. Walichofanya ni kupima wenyewe, safari hii Miami, juu ya chuki dhidi ya watu waliobadili jinsia. Na mwaka 2016 wakachapisha kwenye jarida lilelile: mazungumzo ya kama dakika 10 yalipunguza chuki, na baada ya miezi mitatu bado athari ilikuwepo. Waliomuumbua mwongo ndio waliothibitisha kwamba alichokidanganyia kipo.

Tofauti ilikuwa nini? Mgonga mlango hakuhutubia. Aliuliza, akanyamaza, akamwacha mtu asimulie siku ambayo yeye mwenyewe aliwahi kubaguliwa kwa lolote lile, naye akasimulia yake. Mtu alijishawishi mwenyewe kwa kisa chake. Daftari, sikuonei, lakini wewe yule mama ulimhutubia. Katoka zamu, ufunguo uko kwenye kitasa, na aliyeuliza swali la maana pale mlangoni ni yeye. Wewe ulimuuliza nini?

Sasa kikokotoo. Mko 23. Kura zenu za hasira, mkikubaliana wote bila mtu kutoroka na begi, ni 23. Hiyo si hasira, ni kikohozi. Chukua upande wa pili: kila mmoja jioni mbili kwa wiki, milango 12 inayofunguka kila jioni, dakika 10 kila mlango, ni saa mbili tu. Hiyo ni mazungumzo 552 kwa wiki. Wiki kumi, 5,520. Nusu yenu wataacha wiki ya tatu, nimekaa kwenye vikundi najua, basi weka kama 3,300. Hata mkiamua kura ya hasira, hiyo hasira lazima mwende mkaiombe kwenye milango ileile. Hakuna njia ya mkato inayokwepa mlango.

Na kabla ya yote tafuta tofauti ya kura jimboni kwenu mara iliyopita. Kama mshindi aliongoza kwa 30,000, mpigie unayemtaka, hutamfungulia mlango mtu yeyote wa kulia. Kama ni mia chache, mambo ni mengine. Mwaka 2000 Wamarekani walifikia hatua ya kubadilishana kura mtandaoni: wewe wa jimbo lenye ushindani mpigie Gore, mimi wa jimbo lililokwisha amuliwa nitampigia Nader kwa niaba yako.

(Australia na Ireland mpiga kura anapanga wagombea kwa namba, 1, 2, 3. Wa kwanza wako akianguka, kura yako inahamia kwa wa pili. Ugomvi wenu wote kule ungekuwa wa dakika tano. Haya, nimenyamaza.)

---

Wakala Mstaafu:

Marahaba Sina Chama. Huo mfano wa UKIP nakupa, sina la kubisha. Ila tazama ulivyouelezea mwenyewe: jambo moja, linajulikana, vitisho vya kweli. Waliogopewa *kabla* ya kura. Mwenye barua ya dawa alisema siku ya kura, akaisema peke yake.

Nami niongeze mfano wa karibuni ambao upande wako ungeupenda. Jimbo la Michigan, Marekani, Februari 2024, mchujo wa chama cha Democratic. Watu waliokasirishwa na msimamo wa Rais Joe Biden juu ya vita vya Gaza hawakususia wala hawakuharibu karatasi. Kwenye karatasi ile kulikuwa na chaguo la "sijaamua", wakaamua ndilo chaguo lao. Walitangaza wanataka nini: vita visimame. Walitangaza shabaha yao: kura 10,000, kwa sababu Donald Trump alilichukua jimbo lile mwaka 2016 kwa kura kama hizo. Kisha wakapiga simu na kugonga milango. Wakapata zaidi ya 100,000. Siku ile hakuna aliyeuliza hawa watu wanataka nini.

Walipata walichodai? Hapana. Agosti, kwenye mkutano mkuu wa chama, waliomba Mpalestina mmoja tu apewe jukwaa, wakanyimwa. Kwa hiyo sikuuzii muujiza. Nakuonyesha kura ya hasira ambayo ilisomeka.

---

Sina Chama:

Ilisomeka, ikawekwa kabatini na hoja zetu nyingine.

Haya, nakubali. Bora kusomwa ukanyimwa kuliko kutosomwa.

---

Daftari Jekundu:

Nimerudi baada ya siku kumi na mbili, samahanini kwa kimya. Nimefanya mliyoniambia, mengine kwa kulazimishwa na aibu.

Kwanza tofauti ya kura jimboni: 1,140. Niliiandika ubaoni mkutanoni bila kusema neno. Wale wa kura ya hasira walifurahi, kwamba 1,140 ni kidogo kiasi cha kutishia mtu. Wale wa mwenye nafuu nao walifurahi, kwamba 1,140 ni kidogo kiasi cha kumpitisha wa kulia. Namba ileile. Nikakumbuka kwa nini tunakaa saa tatu kwenye mikutano.

Pili nilirudi kwa yule mama. Safari hii sikwenda asubuhi, nilikwenda jioni akiwa hajatoka. Nilimuuliza zamu yake ikoje, nikanyamaza, na Binti Hesabu, kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kuhutubia, mtu asidanganyike. Akaniambia kandarasi inasema kazi ya muda wa saa nane kwa zamu, lakini jengo lina ghorofa sita na wamepunguzwa kutoka watu tisa hadi watano, kwa hiyo inawachukua muda wa saa kumi, na hizo mbili hawalipwi. Alihesabu kwa vidole: saa mbili, siku sita, 12 kwa wiki. Akanyamaza yeye sasa, anavitazama vidole. Akasema hakuwahi kuzijumlisha.

Nikamwambia bado sina jibu kamili la swali lake, lakini nina nusu: wangejua ni yeye, na ni kwa sababu ya mshahara, kama angesema kabla, kwa maandishi, na si peke yake. Akauliza kama nina karatasi. Sikuwa nayo! Nilikuwa na daftari. Akaandika jina lake humo kwa mkono wake, chini ya swali lake mwenyewe, akaniambia wenzake wanne wanatoka saa kumi na mbili asubuhi kwa mlango wa nyuma, niwasubiri hapo na nisije na vipeperushi.

Tulichokipeleka kikundini ni hiki. Barua moja, dai moja: kazi za usafi kwenye majengo ya umma zirudi kuajiriwa moja kwa moja, na saa za ziada zilipwe. Watu wanatia sahihi kwamba kura yao jimboni ni ya mgombea atakayelikubali hadharani. Wagombea wote wanapewa nakala na tarehe ya mwisho, wiki tatu kabla ya uchaguzi. Shabaha 1,140. Mpaka leo tuna 86.

---

Sina Chama:

Hiyo ni kura ya hasira iliyotiwa sahihi. Mimi niko nayo. Na 86 ni zaidi ya 23, msijidharau.

---

Wakala Mstaafu:

Nzuri. Na tarehe ikifika asikubali hata mmoja, ila huyo mdogo wa kijamaa?

---

Daftari Jekundu:

Mzee, ndipo tulipopasuka tena, palepale.

Wengine walisema ahadi ni ahadi, tukimrudia mwenye nafuu baada ya kuwatia watu sahihi, barua yetu ijayo hata mama yule hataisoma. Wengine walisema waliotia sahihi ndio watakaofukuzwa kazi wa kwanza huyo wa kulia akipita, sisi wenye kazi za mezani tutabaki tukiandika uchambuzi. Nilitaka kusema kitu nikakuta nakubaliana na kila anayemaliza kuongea. Mwisho mmoja akasema hili si letu kuamua, waitwe hao 86 wakae waamue wenyewe, kwa kuwa ngozi itakayochunika ni yao. Kukawa kimya kidogo, kisha ubishi ukaanza upya kama tuwaite au tusiwaite.

Tukapiga kura ya siri, kwa vikaratasi, kofia ikawa ndio sanduku. Nilihesabu mimi. Waitwe: 11. Tuamue wenyewe: 9. Zilizoharibika: 3. Mbili ni tupu. Ya tatu imeandikwa pande zote mbili kwa penseli, maneno madogo madogo, na mwenye kuandika alikuwa ameikunja mara nne mpaka penseli ikafutika kwenye mikunjo. Tuliipeleka dirishani, tukaigeuzageuza. Tumeweza kusoma "lakini" na "tena".

Nimeibandika kwenye daftari. Mkutano na hao 86 ni Jumamosi.